Pacha Aliye Hai Kwenye Vikwembe vya Matanga

Mama Bertille mpendwa,

Kabla hujacheka, nisaidie. Ukishanisaidia, cheka mpaka redio izimike. Mimi ni mama wa watoto wanne, mkazi wa Kataki hapa Kalemie, na naomba sana usitaje jina langu hewani, maana shida niliyo nayo inanitosha na mama mkwe wangu hukusikiliza kila Alhamisi akipepeta mchele.

Mimi ni mchoraji. Najua unachowaza, hata mume wangu Papa Zacharie huwaza hivyohivyo, wageni wakija huwaambia, "Muke wangu anachora," kwa sauti ileile ambayo mtu angesema muke wangu anakohoa. Nilianza na penseli, nikaichoka, kwa sababu mchoro wa penseli ni mmoja tu, ukimpa mtu umekwisha, basi nikaanza kutafuta njia nyingine. Nimechora kwa uji mzito wa muhogo juu ya kitambaa cheupe, ukakauka, nikakichovya kitambaa kwenye rangi, nikaosha uji, na pale palipokuwa na uji pakabaki mistari myeupe mizuri ajabu, lakini majirani waliona uji tu, wakasema mwanamke yule anawapikia watoto sombe bila bukari, mboga bila ugali, kwa sababu bukari anaivalisha nguo. Nimeshona uso wa mtu kwa uzi mweusi juu ya chandarua kilichochakaa, Papa Zacharie akauliza mbu waingilie puani au mdomoni. Mwisho nikagundua kandambili. Ziwa linatema kandambili kila siku, kwa nini hakuna anayezifikiria? Naziokota, nazikata nyayo, nazigundisha juu ya ubao, nachonga mchoro kwa wembe, napaka rangi, nalaza kitambaa juu yake, nakanyaga kwa kisigino taratibu, na nikikiinua kitambaa, Mama Bertille, mchoro umehamia. Napaka tena, unahama tena, hata mara mia.

Sasa nifike kwenye msiba. Kulikuwa na jirani yetu Papa Casimir, fundi wa mitumbwi, mume wa rafiki yangu Générose tunayeimba naye kwaya moja. Ubao wangu yeye njo alinipa, na rangi ya buluu ya mitumbwi, nusu kopo, yeye njo alinipa, na katika mji huu wote ni yeye peke yake ambaye hakuwahi kuniuliza "Ya kufanyia nini?" Alituacha mwaka jana. Casimir alikuwa pacha, yeye Kyungu aliyetangulia kuzaliwa, na mdogo wake Kabange ni Papa Patrick anayefuga ng'ombe kule Pepa, na hawa watu walifanana hata bibi yao alipoona mama yao anamnyonyesha mmoja mara mbili na mwingine analala na njaa, alishika wembe akawachanja chale ndogo, Kyungu shavu la kushoto, Kabange shavu la kulia. Kalemie nzima inajua hilo. Kushoto Casimir, kulia Patrick.

Siku za kuondoa matanga zilipokaribia, Générose aliniambia hataki kile kitambaa cha maua ambacho kila kilio kinakivaa, anataka uso wa mume wake, na uchapwe na mimi. Nililia, halafu nikafanya kazi. Nilimchora kutoka kwenye picha ya ubatizo wa mjukuu wake, ile ambayo anatazama pembeni kidogo kama mtu aliyeitwa jina, nikachonga wiki tatu, nikachapa vikwembe arobaini, kila kimoja uso mmoja mkubwa kifuani, na kimoja tu njo nilikiharibu, nilikikunja rangi haijakauka, uso ukajichapa upande wa pili, zikawa nyuso mbili, nikakitupa jikoni kifunike unga, nikachapa kingine mahali pake.

Jumapili iliyopita akina mama wote walivaa vikwembe uani kwa Générose ili tujaribu na nyimbo, wiki mbili kabla ya siku yenyewe. Tuko katikati ya wimbo, pikipiki ikasimama, akashuka Papa Patrick kutoka Pepa na mfuko wake wa jibini, vumbi mpaka kwenye kope. Akatabasamu. Halafu tabasamu likaganda. Akaja kwa mama wa kwanza, akamtazama kifuani, akaja kwa wa pili, wa tatu, hakuna aliyethubutu hata kumwambia Papa, mbona unatazama hivyo vifua vya wanawake. Akagusa shavu lake la kulia.

"Huyu si Casimir," akasema. "Huyu njo miye."

Tukatazamana. Wimbo ulikatika mmojammoja, wa mwisho kunyamaza alikuwa Mama Francine, dada yao, ambaye alikuwa amefumba macho.

"Mama Chérubin," akanigeukia, "nimekukosea nini?" Akatikisa kichwa, akasema polepole, "Sawa. Kama mumekubaliana wote, miye ni nani nibishe?" Akaweka jibini kizingitini, akaingia ndani, akalala kwenye kitanda cha marehemu, uso ukutani.

Leo ni siku ya nne. Hali chakula, anapiga funda la maji tu. Na katika ukoo wao pacha njo anamwondolea pacha mwenzake matanga: Patrick anapaswa kumvua Générose nguo nyeusi kwa mkono wake na kumnawisha uso kwa maji ya ziwa, na bila yeye Générose hatoki kwenye weusi, hata mwaka, hata miwili. Papa Grégoire, mkubwa wa ukoo, alikwenda kumbembeleza, akajibiwa, "Marehemu haondoi matanga." Sasa Papa Grégoire amesema ule ubao wangu uchomwe Jumamosi mbele ya wote, na Mama Francine ameuliza kwa sauti, mbele ya wanakwaya, mkono wa mtu unakoseaje mara arobaini kama hakuna kitu kingine nyuma yake. Unajua kitu kingine ni nini. Mimi pia najua, na watu wa hapa wanapolisema lile neno hawalisemi kwa mchezo.

Mimi nimewaambia sikujua. Nimewaambia kuchapa kunageuza, kushoto kunakuwa kulia, ni ajali ya kazi. Wakauliza ubao uko wapi, nikasema niliutupa ziwani, hawakuniamini. Uko chini ya kitanda changu ndani ya gunia la makaa.

Na kwa kuwa barua haina uso wa kuona haya, niseme na lililobaki. Nilijua. Kuchapa kunageuza, hilo nalijua tangu nilipochonga jina la mwanangu Chérubin likatoka kinyumenyume. Ila picha ile ilinilevya, nikachonga wiki tatu bila kukumbuka kugeuza, na nilipofanya jaribio la kwanza juu ya gunia la sukari niliiona chale palepale, shavu la kulia, nikaganda. Lakini uso ulikuwa unapumua, Mama Bertille. Sijawahi kuchonga kitu kama kile na sijui kama nitachonga kingine. Nikasema nikianza upya sitampata tena. Nikasema, nani anatazama shavu kwenye matanga, watu wanatazama sufuria. Nikaendelea, arobaini.

Niambie. Nisipouchoma ubao, mimi mchawi. Nikiuchoma, nitakuwa nimemwua Casimir mara ya pili, maana Patrick nimekwisha kumwua. Na yule mtu aliyelala pale, nimwendee na maneno gani?

Mimi, mama asiyejulikana,
Kataki

MAMA BERTILLE ANAJIBU

Mama asiyejulikana,

Umeomba nisitaje jina lako. Nami nakuuliza, Kalemie hii ina wanawake wangapi waliochapa mtu aliye hai kwenye vikwembe arobaini vya matanga? Tuwaite wapange foleni? Umetaja kila mtu, mpaka bibi wa watu na wembe wake, ukajificha wewe, halafu katikati ya barua ukajiandika mwenyewe Mama Chérubin, na mtoto ukamtaja kwa jina ili tusipotee njia. Basi karibu, Mama Chérubin. Na wewe mama mkwe, jambo sana, endelea na mchele.

Pokea hongera zangu kwanza. Wengine huua kwa sumu, wengine kwa ulimi, wewe umeua kwa kandambili. Tena umeua mtu wa mbali, wa Pepa, aliyekuja na jibini.

Sasa pole, na hii pole ni ya kweli. Casimir alikuwa mtu wako pia. Alikupa ubao, alikupa rangi, hakukuuliza ya kufanyia nini, na alipokufa watu walikwenda kumpa Générose mkono, wakampa Francine mkono, wewe ukapewa kazi ya vikwembe. Ulikaa naye wiki tatu peke yako na wembe. Ninaelewa kwa nini hukutaka kumwachia. Ningekuwa wewe, ningelia juu ya lile gunia la sukari mpaka lilowe.

Lakini nisingechapa arobaini! Mama, Générose alikuomba uso wa mume wake, ukampa kazi yako nzuri. Hayo ni mambo mawili. Ulipoiona chale ulikuwa na uso mzuri na shavu la uongo, ukachagua uso, halafu ukamtwika shemeji wa watu kifo cha nduguye ili usianze upya. Eti watu wanatazama sufuria. Wote walitazama sufuria kweli, ila mmoja, na huyo mmoja alikuwa mwenye shavu.

Nimgeukie Mama Francine kidogo, kwa sababu redio ni ya wote. Mama, unauliza mkono unakoseaje mara arobaini. Mkono ulikosea mara moja, wakati wa kuchonga. Kilichobaki ni muhuri, na muhuri ukikosea mara moja unakosea mara elfu, muulize mtu yeyote ambaye biro ya serikali iliwahi kumwandikia jina vibaya. Lile neno ulilotaka kulisema, limeze, unywe na maji. Limekwisha kuwatoa wanawake wengi majumbani mwao wasirudi, na wewe ni mwanakwaya.

Mama Chérubin, turudi jikoni kwako. Umeniandikia kurasa nne za machozi, na katikati yake, kwa haraka, kama mtu anayetaja chumvi, umesema kuna kikwembe kimoja ulikiharibu. Ulikikunja kibichi, uso ukajichapa upande wa pili. Kinafunika unga. Mimi kuchora sijui hata yai, lakini nilikwenda shule ya masista na kila mtoto wa shule amewahi kudondosha wino kwenye karatasi, akaikunja, akaifungua, akapata kipepeo. Bawa la pili linatazama kinyume cha la kwanza. Sasa wewe mchoraji, wewe mwenye kugundua kandambili, uliwahi kutazama yule wa pili ana chale shavu gani?

Nenda ukatazame. Nitakusubiri, tuna muda, Doudou wa mitambo, weka wimbo.

Umerudi. Kushoto, siyo? Sikuwepo lakini naapa ni kushoto. Uso uliogeuzwa mara mbili unarudi ulivyokuwa, hata kitumbua kinajua hilo. Siku zote hizi mji mzima unamlilia Casimir, ukoo unataka kuchoma, mtu anajilaza njaa, na Casimir mwenyewe yuko jikoni kwako juu ya ndoo, anakufukuzia nzi. Wewe njo ulikuwa unamwona kila ukisonga bukari ukamwita kosa.

Sikiliza vizuri, kwa sababu sirudii. Leo hii, kabla hujapika, nenda kwa Générose ukiwa na ule ubao mkononi, bila gunia, bila kuufunika, watu wauone njiani. Umwite Papa Grégoire na Mama Francine waketi. Useme: nilijua. Hayo maneno mawili, yasemwe na mdomo wako, usinitume mimi, mimi nimekwisha kuyasema redioni na bado hayahesabiki. Ajali ya kazi usiitaje tena. Watakutukana, na utakaa hapohapo kwenye kiti wakutukane mpaka waishiwe.

Halafu uingie chumbani kwa Patrick na uji, si uji wako wa kuchorea, uji wa kula. Papa Patrick, najua unanisikia, ukuta wa chumba cha Casimir haujawahi kuzuia redio ya Générose. Umesema marehemu haondoi matanga. Sawa. Marehemu hanywi maji pia, Papa, nawe umekunywa siku nne. Kwa hiyo uko, pole sana, uko. Nadhani najua kilichokuumiza, na si hofu ya kufa. Umeshuka kutoka Pepa barabara yote ile kuja kumwona Kyungu mara moja ya mwisho, hata kwenye kitambaa, na ulipofika ukamkuta Kabange. Ungejiona mwenyewe kwenye kioo cha nyumbani bila kupanda pikipiki. Hilo linauma, hata mimi limeniuma nikisoma. Kwa hiyo amka unywe uji, kwa sababu kuna kazi na hakuna mwingine wa kuifanya.

Kazi ni hii. Vikwembe arobaini virudishwe vyote, na anayekataa kukivua nitamtaja jina Alhamisi ijayo, hilo mnajua naliweza. Tandaza kikwembe chenye uso wa Patrick. Paka ubao rangi, chapa kwanza juu ya nailoni ya meza, halafu nailoni hiyo ingali mbichi uilaze juu ya kikwembe, kando ya uso wa kwanza, upande ule anaotazama. Pima vizuri. Wewe unashika ncha za kitambaa, na anayekandamiza ni Papa Patrick, kwa kiganja chake, kikwembe kwa kikwembe, mara arobaini. Ukiinua nailoni, Kyungu atakuwa amekuja na chale yake ya kushoto, na kwa kuwa mmoja anatazama huku na mwingine anatazama huku, watatazamana. Yule aliyeonekana ameitwa jina, sasa itaonekana nani amemwita. Mtu yeyote atakayevaa kitambaa hicho ataelewa ni nani ameondoka na ni nani amebaki kumwondolea matanga, na Générose atavuliwa weusi wake siku ileile iliyopangwa.

Na ubao. Naona ungependa nikuruhusu uuweke chini ya kitanda. Hapana. Nikuambie uuchome? Hapana pia. Ubao si wako. Mbao ni ya Casimir, rangi ya Casimir, uso wa ndugu wawili, chako ni kandambili tu. Kikwembe cha arobaini kikikauka, mpe Papa Patrick. Akiuchoma, achome, wewe utasimama hapo umefunga mdomo. Akipanda nao Pepa akautundike kwenye zizi, ng'ombe watakuwa na mchoro mzuri kuliko wa kanisa letu, na wewe pia utafunga mdomo. Ulisema hutachonga tena kitu kama kile. Labda ni kweli. Utachonga kibaya kidogo, chenye shavu la kweli, na mwenye shavu atakushukuru. Na ukichonga mtu, tangu leo, kabla ya wembe weka mchoro mbele ya kioo.

Papa Zacharie, wewe nawe, siku ya kazi ukalete maji na uache kuwaambia wageni mkeo anakohoa.

Limebaki moja. Kile kikwembe cha jikoni, Mama Chérubin, kipanguse unga polepole kwa mkono mkavu, usikifue, kisije kikafifia. Hakiendi kwenye matanga na hakivaliwi na mtu. Kikunje, kifunge kwa karatasi safi, umpelekee Générose mkononi, peke yake, mlango ukiwa umefungwa, kwa sababu umefunika unga kwa uso wa mume wake na hajui. Uso huo njo aliokuomba, na kati ya vitambaa vyote ulivyochapa mpaka leo, Casimir wa shavu la kushoto yuko hapo tu, alitokea wa kwanza bila wewe kutaka.

Unga utafutie kifuniko kingine.